Kuumeni na Kuukeni: Historia ya Madaftari ya Vinasaba

Albert Perry alizaliwa mtumwa katika jimbo la South Carolina, Marekani, nusu ya kwanza ya karne ya 19. Hakuwa jemadari wala kiongozi wa kuandikwa vitabuni. Alikuwa mmoja wa mamilioni ya watu ambao majina yao, kama yaliandikwa, yaliandikwa kwenye orodha ya mali ya bwana, pamoja na farasi na majembe. Zaidi ya karne moja baadaye, vizazi vyake vilianza kuitafuta asili yao. Mwanamume mmoja wa ukoo huo akasugua kijiti ndani ya shavu, na sampuli ikapelekwa kwenye kampuni ya Family Tree DNA, mjini Houston.

Kwa kawaida majibu hurudi na jina la tawi: babu zako wa kuumeni ni wa tawi fulani, linalopatikana zaidi Afrika Magharibi, au Ulaya, au Asia ya Kati. Safari hii tawi halikuonekana. Wanaume wote waliokuwa wamepimwa duniani hadi siku ile, Wasani wa Kalahari pamoja na watu wa Iceland, walikutana kwenye shina moja, na Perry alikuwa nje ya shina hilo. Sampuli ikaenda kwa Michael Hammer wa Chuo Kikuu cha Arizona. Machi 2013 yeye na wenzake, Fernando Mendez akiwa mwandishi wa kwanza, walitangaza tawi jipya waliloliita A00, na wakakadiria kwamba lilijitenga na matawi mengine yote miaka 338,000 iliyopita. Wanasayansi wengine waliupinga umri huo, na makadirio ya baadaye yameteremka hadi kati ya miaka 200,000 na 300,000. Hata ukilishika kadirio la chini kabisa, tawi la kuumeni la zamani kuliko yote yanayojulikana kwa binadamu wa leo ni la mtumwa huyu wa South Carolina.

Hakuna msomi aliyekuwa akilitafuta. Lililetwa na familia iliyotaka kumjua babu yake, nalo likatambulika kwa sababu watu maelfu wasio wanasayansi walikuwa wamekwisha kuweka vinasaba vyao kwenye daftari moja, yaani kanzidata ya kampuni, hata kikapatikana cha kulinganishia.

Kiswahili kina maneno mawili yanayoibeba elimu hii yote: kuumeni, upande wa baba, na kuukeni, upande wa mama. Mtu wa pwani anapotaja jina lake kamili, Juma bin Ali bin Hamisi bin Makame, huwa anapanda ngazi ya kuumeni, na kromosomu Y hupanda ngazi hiyohiyo. Mwanamume huipokea kwa baba yake, naye baba aliipokea kwa babu, karibu bila kubadilika. Mara mojamoja hutokea kosa dogo la kunakili, kama mwanafunzi anayenakili ubaoni akaruka herufi, na kosa hilo hurithiwa na wanaume wote wanaofuata. Wanaume wawili wenye makosa yaleyale walikuwa na babu mmoja. Wakitofautiana kidogo, babu huyo yuko karibu. Wakitofautiana sana, yuko mbali.

Upande wa kuukeni kuna mitokondria, vile vijimwili vinavyoipa seli nguvu, ambavyo vina vinasaba vyake vyenyewe vya herufi zipatazo 16,569. Mama huwapa watoto wake wote, wa kike na wa kiume, lakini mtoto wa kiume hawapi wanawe. Ni mali inayopita kwa mabinti peke yao. Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson wa Berkeley, California, walichunguza mitokondria za watu 147 wa asili mbalimbali, nyingi zilizotolewa kwenye kondo la nyuma, wakaona mistari yote ya kuukeni inarudi kwa mwanamke mmoja aliyeishi, kwa kadirio lao, miaka 200,000 hivi iliyopita, na ushahidi ukaelekeza Afrika.

Mistari hii miwili ni miembamba mno, na asiyeukumbuka ukweli huo hupotea njia. Ukirudi nyuma vizazi kumi, una nafasi 1,024 za mababu na mabibi. Kromosomu Y inakueleza habari za mmoja wao. Mitokondria inakueleza habari za mwingine mmoja. Waliobaki, 1,022, ni wazee wako pia, ila kwa vipimo hivi viwili hawasemi kitu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanasayansi walianza kuvitumia vipimo hivyo kwenye maswali ya kihistoria, na kesi moja ilizigusa familia nyingi. Wazao wa Sally Hemings, mwanamke aliyekuwa mtumwa katika shamba la Rais Thomas Jefferson, walikuwa wamesimuliana kwa zaidi ya karne kwamba rais huyo ndiye baba wa watoto wake. Wanahistoria wengi waliwapuuza, wakawataja wapwa wa Jefferson kuwa ndio wahusika. Mwaka 1998 Eugene Foster na wenzake walilinganisha kromosomu Y. Kwa kuwa Jefferson hakuacha mwana wa ndoa aliyefikia utu uzima, walichukua damu ya wazao wa ami yake. Ililingana na ya mzao wa Eston, mwana mdogo wa Sally, na haikulingana na ya wazao wa wale wapwa. Kipimo peke yake hakikuweza kusema ni Jefferson yupi, kwa maana ndugu wa kuumeni wote wana Y moja. Lakini kilipowekwa pamoja na nyaraka za shamba na simulizi za familia, ushahidi ulimwelemea rais. Masimulizi ya jikoni yalikuwa yamehifadhi kile ambacho maktaba ilikikataa.

Katika miaka hiyohiyo Bryan Sykes wa Oxford aliwaandikia wanaume wenye jina la ukoo kama lake, akakuta karibu nusu ya waliomjibu wana Y moja, dalili kwamba jina hilo huenda lilianza na mtu mmoja. Na kusini mwa Afrika, watu wa Lemba wa Zimbabwe na Afrika Kusini, wanaosimulia kwamba wazee wao walivuka bahari kutoka mahali paitwapo Sena, walipimwa, na mwaka 2000 ikatangazwa kwamba zaidi ya nusu ya wanaume wa ukoo wao wa Buba wana alama iliyofanana na ile ya makuhani wa Kiyahudi. Habari ikatembea dunia nzima. Mwaka 2013 Himla Soodyall wa Johannesburg alirudia uchunguzi kwa vipimo vyenye kina zaidi. Asili ya Mashariki ya Kati ilithibitika, lakini ile alama ya makuhani haikusimama, kwa kuwa daftari la mwanzo lilikuwa na vipimo vichache mno vya kuitofautisha na za majirani. Jambo hilo likumbukwe na kila anayepokea majibu leo: jibu halizidi daftari lililotumika kulipata.

Aliyeipeleka elimu hii kwa watu wa kawaida alikuwa mfanyabiashara. Bennett Greenspan wa Houston alikuwa na mapenzi ya nasaba tangu ujana, na alikwama kwenye swali moja: je, watu wa Argentina wenye jina la ukoo la upande wa mama yake walikuwa jamaa zake kweli? Karatasi zilikuwa zimekwisha. Mwaka 1999 akamwendea huyohuyo Hammer wa Arizona, na mwaka uliofuata, kupitia kampuni ya Family Tree DNA, wakaanza kuwauzia watu vipimo. Vya kwanza vilisoma vituo 12 tu vya kromosomu Y. Vilikuwa vichache, hata watu wasiohusiana wangeweza kulingana kwa bahati, ila vilitosha kuanzia.

Kilichoifanya kazi hiyo ikue ni watu wa kujitolea. Kwa kila jina la ukoo alijitokeza mtu, mara nyingi mstaafu, akaanzisha mradi: akawatafuta wenye jina hilo ng'ambo zote, akawabembeleza wapime, akayapanga majibu yao kwenye jedwali, akaonyesha nani wa tawi gani na nani hakulingana na mtu. Hakuna aliyelipwa. Kampuni ikafungua kanzidata iliyoitwa Ysearch, ambamo hata waliopimwa kwingine waliweza kuandika namba zao wenyewe na kutafuta waliolingana nao bila malipo. Ya kuukeni iliitwa Mitosearch. Mwaka 2005 wapenzi hao wa nasaba waliunda jumuiya yao ya kimataifa, ISOGG, na moja ya kazi zake kubwa ikawa kuuchora na kuurekebisha mti wa matawi ya kromosomu Y, ambao hata wanasayansi waliutumia kama rejea. Mwaka 2008 Mannis van Oven na Manfred Kayser wa Rotterdam walianza kuuchapisha mti wa kuukeni, nao ulitumia pia data za watu binafsi waliojilipia vipimo.

Huko Salt Lake City tajiri James LeVoy Sorenson alifuata njia nyingine. Taasisi yake ilikusanya sampuli zaidi ya 100,000 kutoka nchi nyingi, na haikupokea mate matupu. Kila mtoa sampuli alitakiwa kuleta pia mti wa familia yake wa vizazi vinne, wenye majina, tarehe na mahali pa kuzaliwa. Alikuwa ameelewa mapema kwamba vinasaba visivyo na majina ni kama kaburi lisilo na jiwe: unajua kuna mtu, humjui ni nani.

Perry alipokosa ndugu kwenye madaftari ya Marekani, ilibidi kutafuta Afrika. Watafiti walipekua sampuli 5,648 za Waafrika zilizokusanywa kabla, na wakapata wanaume 11 wenye A00. Wote 11 walikuwa Wambo, watu wa magharibi mwa Kameruni wanaosema lugha ya Kibantu, kati ya Wambo 174 waliokuwa wamepimwa. Kazi haikuishia maabara. Wapenzi wa nasaba wakiongozwa na Bonnie Schrack, aliyekuwa akiusimamia kwa kujitolea mradi wa tawi la A, walishirikiana na mtafiti wa Kameruni kukusanya sampuli mpya katika nyanda za juu za nchi hiyo. Mwaka 2015 ikajulikana kwamba kwa Wabangwa tawi hilo si nadra hata kidogo: wanaume 27 kati ya 67 walikuwa nalo. Kisha, Januari 2020, yakaja majibu ya pango la Shum Laka, huko huko nyanda za juu. Wanasayansi walisoma vinasaba vya watoto wanne waliozikwa humo kwa nyakati mbili tofauti, wawili miaka 8,000 hivi iliyopita na wawili miaka 3,000 hivi iliyopita. Mmoja wa wale wa miaka 8,000, kijana wa kiume, alikuwa na A00.

Hivyo mtu aliyenyang'anywa jina, lugha na kijiji amerudishwa kwenye kipande cha nchi kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole. Hakuna hati ya meli iliyofanya kazi hiyo, maana hati za meli ziliwahesabu watu na kuwaacha bila majina.

Kwa wazao wengine wa watumwa jibu limekuwa chungu zaidi. Rick Kittles, mwanajenetiki aliyeanzisha kampuni ya African Ancestry mwaka 2003 pamoja na Gina Paige, aliona mapema kwamba karibu theluthi ya Wamarekani weusi wanaopima mstari wa kuumeni huishia Ulaya. Wengi wao ni wazao wa mabwana wa mashamba na wasimamizi wao. Familia ya Alex Haley, ambaye kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu babu yake wa Gambia kiliwafanya mamilioni waanze kutafuta asili zao, ilipopima mstari wake wa kuumeni ulielekea Uskoti. Huo haukuwa mstari wa yule babu wa Gambia, kwa kuwa kwake Haley alifika kupitia upande wa mama. Kromosomu Y ilifuata njia yake nyembamba, ikamwacha nje. Mstari wa kuukeni kwa Wamarekani weusi hurudi Afrika karibu kila mara, na hapo hukutana na upungufu mwingine: Waafrika wenyewe ni wachache mno kwenye madaftari. Mmarekani mwenye asili ya Ireland hupata waliolingana naye kwa mamia. Mwenye asili ya Kongo au Msumbiji hupata watu wachache, nao mara nyingi ni wazao wa watumwa kama yeye, hawajui walikotoka. Bara lenye matawi mengi na ya kale kuliko yote ndilo lenye kurasa chache kuliko yote.

Waswahili walijua tangu zamani kwamba swali la baba halipaswi kuchokonolewa ovyo, wakasema kitanda hakizai haramu. Madaftari ya vinasaba hayaheshimu msemo huo. Wasimamizi wa miradi ya majina ya ukoo waliligundua hilo mapema: katika kila ukoo mkubwa wapo wanaume ambao karatasi zao ni safi kabisa na Y yao ni ya watu wengine. Pengine babu alilelewa, pengine alichukua jina la baba wa kambo, pengine kulikuwa na siri. Wengi wa wasimamizi walijifunza kumpigia simu mhusika kwanza, kwa upole, kabla ya kuweka chochote kwenye jedwali.

Pigo kubwa lilitoka kwingine. Mwaka 2014 polisi wa Marekani waliokuwa wakichunguza mauaji ya mwaka 1996 huko Idaho waliilinganisha Y ya muuaji na kanzidata ya Sorenson, ambayo wakati huo ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Ancestry. Ikalingana kwa sehemu na ya mtu aliyetoa sampuli yake kwa ajili ya utafiti wa nasaba. Mwanawe akaingizwa kwenye tuhuma ya mauaji, hadi kipimo chake mwenyewe kilipomsafisha. Mwaka 2015 kanzidata hiyo ilifungwa. Sampuli zaidi ya 100,000 pamoja na miti yake ya vizazi vinne, kazi ya miaka mingi ya watu waliotoa kwa moyo mweupe, zikatoweka machoni pa umma.

Miaka mitatu baadaye ikawa zamu ya GEDmatch, kanzidata iliyoanzishwa mwaka 2010 na Curtis Rogers, mstaafu wa Florida, na John Olson, mhandisi wa Texas. Ilikuwa ya bure, na ilipokea data za kampuni zote. Aprili 2018 polisi wa California walimkamata Joseph James DeAngelo, muuaji na mbakaji aliyekuwa akitafutwa tangu miaka ya 1970, baada ya kumfikia kupitia jamaa zake wa mbali walioweka vinasaba vyao humo. Watu wengi walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini waliokuwa wameweka vinasaba vyao walikuwa wakitafuta mabinamu, na hakuna aliyekuwa amewauliza. Mwaka uliofuata GEDmatch ilibadili kanuni ili polisi wasione isipokuwa data za waliokubali wenyewe, kisha ikauzwa kwa kampuni inayohudumia uchunguzi wa jinai. Ysearch na Mitosearch zilikuwa zimekwisha kufungwa Mei 2018, muda mfupi kabla ya sheria mpya ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi kuanza kutumika. Mwaka 2023 wadukuzi waliiba taarifa za wateja karibu milioni 7 wa kampuni ya vipimo ya 23andMe, na Machi 2025 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa kufilisika, vinasaba vya mamilioni ya watu vikiwa miongoni mwa mali za kutafutiwa mnunuzi.

Hukumu ya historia hii fupi ni wazi. Madaftari yaliyojengwa na wengi yalikaa mikononi mwa wachache, na siku wachache walipofunga au kuuza, wengi hawakuwa na la kusema.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na madaftari yake kabla ya haya yote. Masharifu wa Lamu na kwingineko walitunza shajara, hati za nasaba zinazopanda jina kwa jina hadi kwa Mtume. Kilwa ilikuwa na tarehe yake, yaani kitabu cha habari za mji na wafalme wake. Mreno João de Barros alichapisha toleo lake mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu ilifika London katika karne ya 19. Zote mbili zinaianzisha nasaba ya wafalme wa Kilwa kwa mtu aliyetoka upande wa Shirazi pamoja na jamaa zake. Waandishi wa enzi za ukoloni waliposoma hayo wakahitimisha kwamba miji ya mawe ilijengwa na wageni. Baadaye wanaakiolojia, hasa baada ya uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga katika miaka ya 1980, walionyesha jinsi miji hiyo ilivyokua hapohapo kutoka vijiji vya wenyeji, na wengi wakaiona habari ya Shirazi kuwa ni hadithi ya kujikweza. Mjadala huo haukuwa wa madarasani peke yake. Chini ya Waingereza, kuandikwa Mshirazi, Mwarabu, Mswahili au mwenyeji kuligusa kodi, ardhi na haki za mtu mbele ya serikali, na majeraha yake hayajapona.

Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha majibu ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 katika miji ya pwani, ikiwemo Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara, pamoja na Makwasinyi, kijiji cha bara kilichoko kilomita 100 hivi kutoka baharini. Waliongoza kazi hiyo Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia mzaliwa wa Kenya aliyechimba Mtwapa kwa miaka mingi, na David Reich wa Harvard, Esther Brielle akiwa mwandishi wa kwanza. Wengi wa watu wa miji hiyo walikuwa na asili mbili. Nusu au zaidi ya vinasaba vyao mara nyingi ilikuwa ya Afrika, na iliyobaki ya Asia, ambayo sehemu yake kubwa ilitoka Uajemi. Mchanganyiko huo ulikuwa umeanza kufikia mwaka 1000 hivi. Baada ya mwaka 1500 ndipo asili ya Arabuni ilipoongezeka.

Kilichosema zaidi ni ile mistari miwili. Kuumeni, kromosomu Y nyingi zilielekea kusini-magharibi mwa Asia. Kuukeni, mitokondria karibu zote zilikuwa za Afrika. Wanaume wa Kiajemi walikuja kweli, kama tarehe ya Kilwa inavyosema, na wakaoa kwa wenyeji. Lakini tarehe hiyo iliandikwa kuumeni tu. Nusu nzima ya ukoo, wale mama waliowapokea wageni majumbani kwao na kuwapa watoto lugha ambayo hadi leo ni ya Kibantu, iliachwa nje ya wino. Damu imewarudisha, ingawa bila majina.

Inafaa kusema pia mipaka ya kazi hiyo. Waliopimwa walizikwa wengi wao mahali pa heshima, karibu na misikiti, katika makaburi ya watu wenye uwezo. Wavuvi na wakulima wa miji hiyohiyo hawajulikani sawa na hao. Lakini namna kazi ilivyofanywa Mtwapa inastahili kuigwa: wenyeji walishirikishwa, na mifupa ikarudishwa kaburini.

Visiwa vya Komoro vilikuwa vimetoa ushahidi wa aina hiyo mapema zaidi. Mwaka 2011 Said Msaidie na wenzake walionyesha kwamba karibu asilimia 30 ya mistari ya kuumeni ya Wakomoro inafanana na ya kusini mwa Iran na nchi za jirani zake, wakati mistari yao ya kuukeni ni ya Afrika kwa zaidi ya asilimia 80, na sehemu nyingine ilitoka Kusini-Mashariki mwa Asia, njia moja na ile iliyowaleta watu Madagaska. Huko Ngazija nyumba na ukoo hurithiwa kwa upande wa mama hadi leo. Wakomoro, kwa hiyo, walikuwa wakiikumbuka kwa mila nusu ile ambayo Kilwa haikuiandika.

Unguja nako, watoto wa masuria walihesabiwa kuwa huru na wa nasaba ya baba, na asili ya mama ikafunikwa na jina la baba. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856 watoto wake walikuwa wa mama wa Kihabeshi, wa Kicherkesi na wengineo, na wote waliitwa wana wa Said. Tunamjua mmoja wa mama hao vizuri kwa sababu binti yake alishika kalamu: Salme, mzaliwa wa Mtoni, aliyechapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886 na kumtaja mama yake, Jilfidan, msichana wa Kicherkesi aliyetekwa angali mdogo. Masuria wa watu wa kawaida, Wanyasa, Wamanyema, Wayao na Wazaramo, hawakuwa na binti wa kuwaandikia. Mstari wao umo katika maelfu ya watu wa Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa na Maskati, ukipita kimya kwa mabinti.

Sheria sasa zipo. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, inayompa Mkemia Mkuu wa Serikali usimamizi wa vipimo hivi, na Kenya, katika sheria yake ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi, imeviweka vinasaba katika kundi la taarifa nyeti. Bado halijapatikana daftari la nasaba za watu wa ukanda huu linalomilikiwa na watu wa ukanda huu. Wataalamu wapo, maabara zipo, na yaliyozipata kanzidata za Salt Lake City na Florida yanatosha kuonyesha masharti ya kuanzia: kila mtu aulizwe kabla, aweze kuondoa alichoweka, na daftari lisiuzwe.

Siku daftari hilo litakapofunguliwa, litahitaji kile Sorenson alichokidai kwa kila mtu, majina ya vizazi vinne, na majina hayo yamo vichwani mwa wazee ambao hawatangoja. Familia zenye shajara ziitoe sandukuni na kuipiga picha kabla mchwa hawajaimaliza. Na msomaji ambaye bado ana bibi mzaa mama amwendee wiki hii, amuulize jina la mama yake, la mama wa mama yake, na mahali walipozaliwa, kisha ayaandike kwa kalamu.